Kompyuta ya Bodi Moja Kuwa Kamera: Faida Zake, Gharama Zake na Nani Hasa Inamfaa

Mtu anayetaka kamera ya kuangalia mlango, stoo au banda la kuku bila kutandaza nyaya hupata ushauri wa aina tatu. Fundi mmoja humwambia anunue kamera iliyo tayari, aiunganishe na simu, kazi imekwisha. Wa pili humwonya kwamba kamera za namna hiyo hupeleka picha za nyumbani kwake kwenye kompyuta za kampuni asiyoijua, kwa hiyo afadhali atengeneze yake kwa kompyuta ya bodi moja kama Raspberry Pi Zero. Wa tatu humwambia kwamba njia zote mbili ni kupoteza fedha, kwa sababu ipo bodi ya ESP32-CAM inayofanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya chini zaidi.

Anayefuata ushauri wa pili hukutana na mkanganyiko mwingine. Anaandika amri aliyoiona kwenye video ya mafunzo, na kompyuta inamjibu kwamba haiijui. Anaweka faili la Wi-Fi kwenye kadi kama alivyoelekezwa, lakini kifaa hakionekani kwenye mtandao. Wengi wakifika hapo huamini wameuziwa kitu kibovu, na kifaa kinaishia kabatini.

Uchambuzi huu unaeleza mkanganyiko huo umetoka wapi, unapima nguvu na udhaifu wa kila ushauri, kisha unaangalia mambo manne ambayo wauzaji huyagusa kidogo sana: uzito wa video, mtandao, umeme na sheria. Hoja yake kuu ni kwamba bei ya kifaa ni sehemu ndogo ya uamuzi. Maswali mazito ni mawili: nani atakitunza kifaa hicho baada ya kufungwa, na picha zake zitakaa mikononi mwa nani?

## Kifaa chenyewe na kilikotoka

Raspberry Pi ilianza kuuzwa Februari 2012, ikiwa imebuniwa Cambridge, Uingereza, na kundi lililoongozwa na Eben Upton. Shabaha ya mwanzo ilikuwa elimu: kumpa kijana kompyuta ya bei nafuu anayoweza kuichokonoa, kuivuruga na kuipanga upya bila mzazi kuogopa hasara. Novemba 2015 likatoka toleo dogo, Zero, kwa dola 5. Lilikuwa dogo na rahisi kiasi kwamba lilitolewa likiwa limebandikwa kwenye jalada la jarida la MagPi. Zero ya mwanzo haikuwa na tundu la kamera. Tundu hilo liliongezwa mwaka 2016.

Februari 2017 ikaja Zero W kwa dola 10, ikiwa na Wi-Fi na Bluetooth ndani yake. Hapo ndipo wazo la kamera ndogo isiyo na waya lilipokuwa jepesi kutekelezwa. Oktoba 2021 ikafuata Zero 2 W kwa dola 15, yenye viini vinne vya uchakataji badala ya kimoja. Zote zina urefu wa milimita 65, upana wa milimita 30 na kumbukumbu ya MB 512. Hizi mbili zenye Wi-Fi hutumia masafa ya 2.4 GHz pekee.

Kamera yenyewe huuzwa mbali na bodi. Moduli ya kwanza ya mwaka 2013 ilikuwa na megapikseli 5, ya pili ya mwaka 2016 ina 8, na ya tatu, iliyotoka Januari 2023 kwa dola 25, ina karibu 12 na inaweza kujilenga yenyewe. Yapo matoleo yaitwayo NoIR, yasiyo na kichujio cha miale ya infraredi. Haya huona gizani yakisaidiwa na taa za miale hiyo, ila mchana rangi zake hupotoka.

Takwimu hizi za bei zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ni bei za siku ya uzinduzi, na ni za bodi au moduli peke yake. Bodi ya dola 15 haiwezi kupiga picha hata moja bila kamera, kadi ya kumbukumbu, chaja nzuri, kasha na kebo. Kebo nayo ina mtego wake: tundu la kamera kwenye Zero ni jembamba, la pini 22, ilhali moduli ya kamera ina tundu la pini 15, kwa hiyo kebo ya kawaida ya Raspberry Pi kubwa haiingii. Ukiongeza usafiri na ushuru, gharama kamili huwa mara kadhaa ya ile iliyotangazwa.

## Kwa nini maelekezo yanagongana

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko ni mabadiliko matatu ya programu yaliyofuatana kwa miaka miwili.

La kwanza lilikuja Novemba 2021, mfumo endeshi wa Raspberry Pi ulipohamia kwenye msingi wa Bullseye. Amri za zamani za kamera, raspistill na raspivid, ziliwekwa kando na nafasi yake ikachukuliwa na mfumo uitwao libcamera. Sababu ilikuwa ya msingi: mfumo wa zamani ulitegemea programu iliyofungwa ndani ya chipu, ambayo mtu wa nje hawezi kuisoma wala kuirekebisha, wakati libcamera iko wazi na inafanya kazi na Linux kwa jumla.

La pili ni la Aprili 2022. Hadi wakati huo kila kadi mpya ilikuwa na mtumiaji aliyeitwa "pi" na nenosiri "raspberry", na dunia nzima ililijua nenosiri hilo. Mwaka 2017 iligunduliwa programu hasidi iliyokuwa ikizitafuta Raspberry Pi zilizoachwa na nenosiri hilo ili izitumie kuchimba sarafu za kidijitali. Kuliondoa kulikuwa jambo la haki, lakini kulivunja kila somo lililoanza na maneno "ingia kama pi".

La tatu ni la Oktoba 2023, mfumo ulipohamia kwenye toleo la Bookworm. Usimamizi wa Wi-Fi ulikabidhiwa programu ya NetworkManager, na faili la wpa_supplicant.conf, ambalo watu walizoea kulitupia kwenye kadi, halikusomwa tena. Amri za kamera nazo zilibadilishwa majina, zikawa zinaanza na rpicam.

Pembeni ya mabadiliko hayo kuna kisa cha motionEyeOS, mfumo uliopendwa sana kwa sababu uliigeuza kompyuta kuwa kamera ya ulinzi kwa dakika chache. Matoleo yake yalikoma mwaka 2020. Kwa hiyo haukuwahi kuandaliwa kwa ajili ya Zero 2 W wala moduli ya tatu ya kamera, ingawa masomo yanayousifu bado yanasambaa. Programu ya motionEye yenyewe imeendelezwa na watu wengine, lakini huwekwa juu ya mfumo endeshi wa kawaida.

Hivyo, aliyefundisha mwaka 2018 na anayefundisha leo wote wanaweza kuwa wakweli, kila mmoja kwa wakati wake. Tatizo ni msomaji kuchukua hatua tatu kwa mmoja na mbili kwa mwingine. Tiba yake ni kuanza na tarehe ya somo na jina la toleo la mfumo, kisha kutumia programu ya Raspberry Pi Imager kuandaa kadi, maana humo ndimo jina la mtumiaji, nenosiri na Wi-Fi huwekwa siku hizi. Baada ya hapo, amri ya rpicam-hello --list-cameras huonyesha kama kamera imetambuliwa. Isipotambuliwa, kebo ndiyo mshukiwa wa kwanza, kabla ya kuilaumu bodi.

Kuna gharama hapa inayostahili kutajwa wazi. Mabadiliko yote matatu yalikuwa na sababu nzuri za usalama na uwazi, lakini mzigo wake uliwaangukia zaidi wanaoanza kujifunza, ambao hawana namna ya kutofautisha maelekezo ya zamani na mapya. Anayechagua njia hii achague akijua kwamba mabadiliko ya aina hiyo yatakuja tena.

## Msimamo wa kwanza: kununua kamera iliyo tayari

Wanaotetea kamera za dukani wana hoja nzito. Kamera hizo huja na kasha lililokwisha kuzibwa dhidi ya mvua na vumbi, taa za infraredi za usiku, maikrofoni, spika na mara nyingi mota ya kugeuza lenzi. Moduli ya kamera ya Raspberry Pi haina hata kimoja kati ya hivyo. Ukijaribu kuviongeza kimoja kimoja, bei ya kamera ya kujitengenezea huipita ile ya dukani. Jambo la pili ni muda: mtu asiye fundi anaweza kuifunga kamera ya dukani mchana mmoja, na ikiharibika anaipeleka kwa aliyemuuzia.

Udhaifu uko kwenye umiliki wa picha na urefu wa maisha ya kifaa. Kamera nyingi za aina hii hupitisha video au angalau taarifa zake kwenye seva za kampuni, na mteja hana njia ya kuhakikisha nani anaziangalia huko. Hatari hii imekwisha kutokea. Machi 2021 wavamizi waliingia kwenye mfumo wa kampuni ya Marekani ya Verkada na kuona picha za kamera zipatazo 150,000, zikiwamo za hospitali na shule. Februari 2024 kampuni ya Wyze ilikiri kwamba wateja wake wapatao 13,000 walionyeshwa picha kutoka kwenye kamera za watu wengine.

Kabla ya hapo, mwaka 2016, programu hasidi ya Mirai ilivamia kamera na ruta kwa kujaribu orodha ya zaidi ya majina na manenosiri 60 ya kiwandani. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa nchini Marekani zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Uingereza ilikuja kupiga marufuku manenosiri ya jumla ya kiwandani kuanzia tarehe 29 Aprili 2024. Nchi isiyo na sharti kama hilo humwachia mnunuzi jukumu lote.

Swali la maisha ya kifaa nalo ni zito. Kampuni ikiacha kutoa masasisho au ikizima seva zake, kamera nzima kabisa inaweza kubaki haina kazi, na mwenye kuinunua hana mamlaka ya kuifufua.

## Msimamo wa pili: kutengeneza kwa kompyuta ya bodi moja

Wanaotetea njia hii husema kwanza kwamba mwenye kifaa ndiye mwenye picha. Kamera inaweza kufanya kazi bila akaunti ya kampuni yoyote na bila intaneti kabisa. Mfano mzuri ni kamera ya My Naturewatch, iliyobuniwa na watafiti wa chuo cha Goldsmiths na Royal College of Art jijini London, na iliyoonyeshwa kwenye kipindi cha Springwatch cha BBC mwaka 2018. Ilijengwa kwa Zero W ndani ya kopo la plastiki la kuwekea chakula. Iligundua mwendo wa ndege au panya bustanini, ikapiga picha na kuzihifadhi kwenye kadi, kisha ikarusha Wi-Fi yake yenyewe ili mtu asogee na simu azitazame. Picha hizo hazikuhitaji kupita mahali pengine popote.

Nguvu ya pili ni wigo wa kazi. Zero 2 W ni kompyuta kamili ya Linux. Inaweza kupiga picha moja kila saa ili kufuatilia ukuaji wa miche, kutuma ujumbe mlango wa kizimba ukifunguka, kupima joto la banda na kuliandika juu ya picha, au kubadilishiwa kazi kabisa mwakani. Kwa shule na vyuo faida hii ni kubwa kuliko kamera yenyewe, kwa sababu mwanafunzi anayeifunga anajifunza mitandao, mifumo endeshi na lugha ya Python kwa pamoja, tena kwenye kitu anachokiona kikifanya kazi.

Udhaifu wake ni kwamba fedha zilizookolewa hulipwa kwa jasho. Kila sasisho, kila kadi iliyoharibika na kila badiliko la mfumo ni kazi ya mwenye kifaa. Tena dai kwamba kamera ya kujitengenezea ni salama kwa asili yake si kweli. Kamera iliyofunguliwa kwa intaneti nzima bila nenosiri ni hatari kuliko ya dukani, hata kama aliyeijenga ni mwenyewe.

Zero W ya 2017 ina udhaifu wa ziada. Kichakataji chake ni cha kizazi cha ARMv6, ambacho programu nyingi mpya zimeacha kukihudumia. Kwa mradi unaoanza leo, tofauti ndogo ya bei haitoshi kuhalalisha kuchagua Zero W badala ya Zero 2 W.

## Msimamo wa tatu: ESP32-CAM

ESP32-CAM imejengwa juu ya chipu ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, na bodi inayojulikana zaidi ni ya Ai-Thinker. Kwa kawaida hubeba kihisi cha OV2640 cha megapikseli 2, chenye picha ya juu kabisa ya pikseli 1600 kwa 1200. Haina mfumo endeshi wa Linux. Huendesha programu moja tu iliyopakiwa ndani yake, mara nyingi kwa kutumia mazingira ya Arduino.

Wepesi huo ndio nguvu yake. Huwaka kwa sekunde chache, haina kadi inayohitajika ili iwake, na umeme ukikatika ghafla haina mfumo mkubwa wa mafaili wa kuvurugika. Inaweza pia kulazwa, ikaamshwa kwa saa au kwa kihisi cha mwendo, ikapiga picha moja na kulala tena. Kwa kazi ya betri hilo ni jambo kubwa, kwa sababu Raspberry Pi haina usingizi mzito wa namna hiyo.

Udhaifu wake ni ubora wa picha na ukosefu wa saketi ya kubana video. Hutuma picha za JPEG mfululizo, na picha zikiwa kubwa kasi hushuka. Bodi nyingi hazina tundu la USB, hivyo huhitaji kifaa cha pembeni ili kupakiwa programu, na zikipewa umeme dhaifu hujizima na kujiwasha bila kukoma. Kuzilinda kwa usimbaji wa kisasa pia ni kugumu kuliko kwenye Linux. Kwa hiyo dai kwamba ESP32-CAM hufanya kazi ile ile kwa bei ndogo lina ukweli kwa picha za mara moja moja, lakini halisimami kwa video ya muda mrefu.

## Uzito wa video

Watu wengi huchagua kamera kwa megapikseli na kusahau kiasi cha data kitakachozalishwa. Hesabu yake ni rahisi. Video ya megabiti 1 kwa sekunde hula takribani GB 0.45 kwa saa, yaani GB 10.8 kwa siku. Kadi ya GB 32 hujaa kabla ya siku 3 kwisha, na bando la mwezi la kawaida haliwezi kuibeba video hiyo ikitumwa nje saa zote.

Namna ya kubana video hubadilisha hesabu hii sana. Njia ya MJPEG hutuma kila fremu kama picha kamili. Tukichukua fremu 15 kwa sekunde, kila moja ikiwa na KB 40, tunapata karibu megabiti 4.8 kwa sekunde, yaani zaidi ya GB 2 kwa saa. Njia ya H.264 hutuma zaidi kile kilichobadilika kati ya fremu na fremu, hivyo huweza kutoa picha nzuri kwa sehemu ndogo ya uzito huo. Bodi za Zero zina saketi maalumu ya H.264 inayomudu video ya 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde, na hapo ndipo zinapoishinda ESP32-CAM waziwazi.

Hata hivyo MJPEG ina sababu ya kuendelea kutumika: hufunguka kwenye kivinjari chochote bila programu ya ziada, na ucheleweshaji wake ni mdogo. Kwa mtandao wa ndani wa nyumba, ambako data hailipiwi, inatosha. Kwa video inayotoka nje, H.264 ndiyo njia ya busara. Na kwa asiye na haja ya video, picha moja ya KB 300 kila dakika hutumia chini ya MB 450 kwa siku nzima. Kazi nyingi za shambani na bandani hutimizwa na picha kama hizo, na kuzipachikia video ni kujiongezea gharama bure.

## Mtandao na namna ya kuifikia kamera ukiwa mbali

Ndani ya nyumba, adui wa kwanza ni ukuta. Masafa ya 2.4 GHz hupenya kuta kuliko ya 5 GHz, lakini mabati, nondo na kuta nene za mawe huyameza. Kamera iliyofungwa nyuma ya karatasi ya bati, au iliyowekwa ndani ya kasha la chuma, itapoteza mawimbi hata ruta ikiwa karibu. Dawa yake ni kasha la plastiki na kupima nguvu ya mawimbi kabla ya kutoboa ukuta. Kwenye majengo yenye ruta nyingi, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, hivyo inafaa kuchagua ile yenye msongamano mdogo.

Ugumu mkubwa huja mtu anapotaka kuitazama kamera akiwa safarini. Masomo mengi yaliyoandikwa Ulaya na Marekani humwambia afungue mlango kwenye ruta yake. Kwa mtu anayetumia intaneti ya mtandao wa simu, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Afrika Mashariki, ushauri huo mara nyingi haufanyi kazi. Anwani za IPv4 duniani ni takribani bilioni 4.3 tu, kwa hiyo kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje kwa pamoja. Dalili mojawapo ni anwani ya nje ya ruta kuanzia 100.64 hadi 100.127, fungu lililotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Mteja wa namna hiyo hana mlango wake wa kufungua.

Kuna njia tatu za kukabiliana na hali hiyo. Ya kwanza ni kupitia seva ya kampuni, kama kamera za dukani zinavyofanya. Ni rahisi, ila inarudisha picha mikononi mwa mwingine. Ya pili ni njia ya siri iliyosimbwa kati ya simu na kamera, kwa mfano kwa WireGuard au huduma iliyojengwa juu yake kama Tailscale. Njia hii huanzishwa kutoka ndani kwenda nje, hivyo anwani ya pamoja haiizuii. Ukiendesha WireGuard mwenyewe utahitaji seva ndogo yenye anwani ya wazi. Ukitumia huduma utategemea kampuni kwa kuunganisha, ingawa video yenyewe inabaki imesimbwa. Ya tatu ni kuacha kabisa kutazama moja kwa moja, na kamera itume picha chache tu tukio linapotokea. Kwa bando la simu, hii ya tatu mara nyingi ndiyo inayodumu.

Kufungua mlango wa ruta moja kwa moja, hata kwa aliye na anwani yake mwenyewe, hakupendekezwi. Mirai ilionyesha kinachowapata waliofanya hivyo.

## Umeme, joto na kadi

Bodi ya Zero ikirusha video hutumia takribani wati 1 hadi 2. Hicho ni kiasi kidogo kwa umeme wa ukutani, lakini kwa betri hali ni nyingine. Kwa wati 1.5, siku moja inahitaji wati-saa 36. Pawabenki ya mAh 10,000 huhifadhi wati-saa 37 hivi, na baada ya upotevu wa kubadilisha volti haitafika saa 24. Anayepanga kutumia sola ahesabu na siku za mawingu, maana paneli inayotosha siku ya jua kali haitoshi msimu wa masika.

Umeme unaokatikakatika una madhara mengine. Bodi ikizimika katikati ya kuandika, mafaili ya kadi huweza kuvurugika na mfumo usiwake tena. Kinga zipo. Mfumo huruhusu kuifanya kadi iwe ya kusomwa tu kupitia raspi-config, na rekodi zikatumwa kwenye kompyuta nyingine au diski. Kadi zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera huvumilia kuandikwa mara nyingi zaidi. Pawabenki inayoweza kuchaji na kutoa umeme kwa wakati mmoja huziba mapengo mafupi. Chaja dhaifu nayo husababisha matatizo ambayo mtu huyadhania kuwa ya programu. Iliyo salama ni ya volti 5 yenye ampia za kutosha, na ile rasmi hutoa 2.5.

Joto nalo lina hesabu yake. Kichakataji hujipunguzia kasi kinapokaribia nyuzi 85, na kasha lililozibwa likiachwa juani hufika huko upesi. Kasha jeupe lililowekwa kivulini husaidia. Pwani huongezeka chumvi ya hewani, inayokula viunganishi vya chuma. Mambo haya kamera ya dukani ya nje imekwisha kuyafanyia kazi kiwandani.

## Sheria na haki ya jirani

Kamera humwona mtu ambaye hakuombwa ruhusa: jirani, mpita njia, msaidizi wa nyumbani, mgonjwa, mwanafunzi. Katiba ya Tanzania katika Ibara ya 16 na ile ya Kenya katika Ibara ya 31 zinalinda faragha. Tanzania imeongeza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya na Uganda zilipitisha sheria zao mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021.

Mpaka kati ya matumizi ya nyumbani na ya hadharani umekwisha kujaribiwa mahakamani kwingineko. Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyotoka Ucheki, iliamua kwamba kamera ya nyumbani inayorekodi pia barabara ya umma haiwezi kuhesabiwa kuwa jambo la nyumbani tu. Uamuzi huo haufungi mahakama za Afrika Mashariki, lakini hoja yake inafaa kuzingatiwa na kila anayeelekeza lenzi nje ya ua wake.

Kwa hili kamera ya kujitengenezea ina faida na hatari kwa pamoja. Faida ni kwamba mwenye nayo anaweza kufunika sehemu ya picha isiyomhusu, kufuta rekodi baada ya siku chache na kutorekodi sauti kabisa. Hatari ni kwamba hakuna wa kumlaumu zaidi yake yeye. Picha zikivuja, hawezi kusema ni kosa la kampuni. Kwa shule, zahanati au duka lenye wafanyakazi, jambo hili linatakiwa kuamuliwa kabla bodi haijanunuliwa: nani anaruhusiwa kuona, rekodi zitakaa muda gani, na wanaorekodiwa wataarifiwaje.

## Kupima mizani

Misimamo yote mitatu ina ukweli, ila kila mmoja unajibu swali tofauti.

Anayetaka kulinda nyumba usiku na mchana, asiye fundi na asiye na fundi wa kumtegemea, inamfaa kamera ya dukani. Abadilishe nenosiri siku ile ile, achague inayoweza kurekodi kwenye kadi yake yenyewe, asiifunge chumbani, na aulize masasisho yatatolewa hadi lini. Kumshauri mtu huyu ajenge yake kwa sababu ya faragha ni kumkabidhi mzigo asioweza kuubeba. Baada ya miezi michache atabaki na kamera isiyosasishwa, ambayo haimlindi wala haimtunzii siri.

Anayehitaji picha chache kwa siku mahali pasipo umeme wa uhakika, ESP32-CAM inamtosha mradi akubali picha za wastani na aiweke kwenye mtandao wa ndani.

Zero 2 W ina nafasi yake pale ambapo zipo sababu mbili kwa pamoja: kazi isiyo ya kawaida ambayo kamera ya dukani haiifanyi, na mtu aliye tayari kuitunza. Shule yenye mwalimu wa kompyuta, mtafiti wa ndege, mfugaji mwenye kijana anayependa ufundi, kituo kisichotaka picha za wateja zitoke nje ya jengo: hao wanapata thamani ambayo hakuna duka linaloiuza. Sababu moja ikikosekana, hesabu hugeuka.

Kwa wanaochagua njia hii, daftari ni kifaa muhimu kama chaja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mradi wa kamera hupotea hivyo hivyo aliyeujenga akiondoka. Toleo la mfumo, amri zilizotumika, tarehe ya sasisho la mwisho na mahali nakala ya kadi ilipohifadhiwa viandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na yule atakayefuata. Maelekezo ya aina hiyo bado ni machache, na kila fundi anayeandika yake kwa tarehe na toleo anawapunguzia wengine usumbufu ule ule.

## Muhtasari

Mkanganyiko kuhusu kamera za kompyuta ndogo una vyanzo viwili: masomo yaliyopitwa na mabadiliko ya 2021, 2022 na 2023, na ushauri unaolinganisha bei za vifaa bila kuhesabu utunzaji. Kamera ya dukani huokoa muda na kudai imani kwa kampuni. ESP32-CAM huokoa fedha na umeme na kudai uvumilivu kwenye ubora. Raspberry Pi Zero 2 W hutoa uhuru wa kazi na umiliki wa picha, na hudai mtunzaji wa kudumu.

Kabla ya kununua chochote, mtu ajibu maswali matano: nataka video au picha zinatosha, data itapita wapi na nani atailipia, umeme ukikatika itakuwaje, nani mwingine ataonekana kwenye picha, na nani atakitunza kifaa mwaka ujao. Mwenye majibu ya manne ya kwanza anaweza kuchagua kifaa. Asiye na jibu la tano asijenge kamera bado. Kwanza atafute mtu huyo, au ajifunze awe yeye mwenyewe.